Geuza jani kwanza: kupambana na viwavi wa kabichi kwa utupa, mwarobaini na pareto

Kabla hujaenda dukani kutafuta dawa, geuza jani la kabichi. Ukiona matundu yaliyopenya hadi upande wa pili, umechelewa kidogo. Ukiona vidirisha, bado una nafasi. Kidirisha ni pale kiwavi alipokula nyama ya jani kwa chini akabakiza ngozi ya juu, nyembamba kama mfuko wa nailoni, mwanga unapita lakini kidole kinagota. Hiyo ni kazi ya kiwavi mchanga, na kiwavi mchanga ndiye ambaye dawa za mimea zinammudu. Aliyekomaa anaweza kunyweshwa dawa jioni na asubuhi ukamkuta mezani.

Mimi nalima kabichi robo ekari kando ya mto, upande wa Inyala, Mbeya, kila kiangazi. Misimu miwili ya mwanzo nilipulizia utupa, yaani maji ya majani ya kichaka nitakachokieleza, nikala hasara, nikatangaza kijiweni kwamba dawa za asili ni maneno ya semina. Kumbe nilikuwa nakosea mambo manne kwa mpigo: nilianza kwa kuchelewa, nilipulizia saa tano asubuhi jua likiwaka, nililowesha majani kwa juu tu, na utupa wenyewe haukuwa na nguvu. Hilo la nne ndilo lililonisumbua sana kulijua. Nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu naamini wengi walioziacha dawa hizi waliangushwa na jambo hilo bila kufahamu.

Anayekula ni nani

Huku Nyanda za Juu Kusini mharibifu mkuu wa kabichi ni mtoto wa nondo mdogo wa kijivu asiyefika sentimita moja. Nondo huyo akikunja mabawa, mgongoni unaonekana mstari mweupe wenye pembepembe kama almasi zilizopangwa, ndiyo maana anaitwa nondo mgongo-almasi. Jioni ukipita kati ya matuta na kugusa majani, wanaruka kidogo na kutua tena. Nondo wenyewe hawali jani. Jike hutaga mayai madogo ya manjano, zaidi ya 100 katika uhai wake, moja moja au machache pamoja, mara nyingi karibu na mishipa ya jani.

Kiwavi akianguliwa hujichimbia ndani ya jani kwa siku chache, kisha hutoka na kuishi upande wa chini. Ni wa kijani kibichi, amechongoka mbele na nyuma, na hata akikomaa ana sentimita moja au zaidi kidogo tu. Ukitaka uhakika, mguse kwa unyasi mkavu. Atajipinda kwa fujo akirudi kinyumenyume, kisha atajiachia na kuning'inia kwa uzi. Akimaliza kula hujifunga kwenye kiwavu cheupe, yaani wavu mdogo wa nyuzi, palepale kwenye jani.

Kwenye joto, safari ya yai hadi nondo ni kama wiki mbili au tatu. Kwenye baridi ya Juni na Julai inavuta mwezi na zaidi. Ndiyo sababu kabichi ya Julai inapona karibu yenyewe, na ya Septemba na Oktoba inaliwa mpaka inafanana na chekeche. Mvua nayo ni mwenzetu: matone mazito huwaangusha wadogo chini, wengi wakafia topeni. Anayelima masika anapambana zaidi na kuoza kuliko viwavi. Wa vinyungu, aliyepanda kiangazi kwenye bonde lenye unyevu, ndiye anayehitaji mwongozo huu.

Mdudu huyu pia ni sugu wa kihistoria. Ndiye mdudu wa kwanza wa mazao kuripotiwa kuishinda DDT, dawa ya viwandani ya zamani, kule Java mwaka 1953, na tangu hapo amezizoea dawa nyingi za viwandani. Jirani akilalamika kwamba dawa aliyonunua "ni maji tu", si lazima iwe feki. Huenda mdudu ameshaizoea, hasa kama jirani huyo anapulizia ileile kila wiki na kila akiona haifanyi kazi anaongeza kifuniko kimoja.

Wapo wengine, usije ukawachanganya naye. Sota, kiwavi wa udongoni, hukata miche usiku na kulala udongoni mchana. Fukua pembeni ya mche uliokatwa asubuhi na mapema utamkuta amejikunja. Kumpulizia majani ni kupoteza dawa. Yupo pia kiwavi anayeingia kwenye moyo wa mche mchanga, akala ncha ya kukulia na kufunika mlango kwa utando na kinyesi. Kabichi iliyotobolewa hivyo hutoa vichwa vitatu vinne vidogo visivyouzika, au haitoi kabisa. Huyo ukimwona ameshaingia, dawa haimfikii. Ng'oa huo mche. Vidukari ni habari nyingine, ingawa pareto na sabuni vinawapunguza.

Hesabu kabla ya kutwanga

Kutwanga majani ni kazi. Usitwange kwa hofu. Mara mbili kwa wiki pita shambani kwa mwendo wa kona kona, simama kwenye mashina 20, geuza majani matatu manne ya kila shina na angalia moyo. Andika namba kwenye daftari, usiamini kichwa.

Kanuni yangu mwenyewe: kabla kabichi haijaanza kufunga, nikikuta mashina matano kati ya 20 yana viwavi hai wadogo, naloweka dawa jioni hiyohiyo. Ikishaanza kufunga, mawili yananitosha, kwa sababu kiwavi akiingia kati ya majani yaliyokumbatiana humpati tena, na mnunuzi wa sokoni atakata kichwa kimoja tu kukagua na kushusha bei ya gari zima.

Ukihesabu, tazama na vile viwavu vyeupe. Ndani ya kiwavu, kiwavi anayegeuka kuwa nondo ni wa kijani au hudhurungi na amechongoka. Ukikuta badala yake kitu kama punje ya mchele ya kahawia, ngumu, iliyoviringa ncha zote mbili, hapo nyigu mdogo ameshamla kiwavi kwa ndani. Huyo ni mfanyakazi asiyedai posho. Kenya walimthamini kiasi kwamba mwaka 2002 taasisi ya utafiti wa wadudu, icipe, ya Nairobi ilianza kuachia mashambani nyigu wa aina hiyo waliotolewa Taiwan, wanaopenda baridi ya milimani. Nikikuta punje nyingi za namna hiyo, nasubiri siku tatu nihesabu tena kabla ya kugusa kinu.

Utupa, na kwa nini wa jirani yako unaweza kuwa bure

Utupa ni kichaka kinachofika mita mbili au tatu, majani yake madogo yamepangwa mawili mawili kwenye kikonyo, yana manyoya laini kama kitambaa cha fulana mpya, maua meupe au ya zambarau, maganda kama ya kunde yaliyovaa manyoya. Ni jamii ya mikunde na hurutubisha udongo, kwa hiyo wengi wameupanda mipakani kwa ajili ya mbolea. Sumu yake ni rotenoni na ndugu zake, ileile iliyowafanya watu wa zamani wautumie kulevya samaki mitoni, jambo ambalo leo ni kosa kisheria.

Mama mkwe wangu ni wa Lupingu, Ludewa, kando ya Ziwa Nyasa. Alipokuja kututembelea, alinikuta natwanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unapika nini hicho?"

Nikamweleza. Akachukua jani moja, akalikunja katikati, akalivuta likachanika, akalirudisha kinuni. "Huu umepata wapi?" Nikamwambia ni wa mpakani kwa jirani, uliletwa na mradi wa kurutubisha mashamba. Akacheka kwa adabu, kama mama mkwe anavyomcheka mkwe. "Baba, huu haulevyi hata dagaa. Wazee kwetu walikuwa na utupa wao, mbegu wanapeana kama dume la ng'ombe."

Nilidhani ni ya wazee. Baadaye nikaja kufahamu kwamba wachunguzi walipima majani ya utupa kutoka kwa wakulima wa Malawi, matokeo yakachapishwa mwaka 2012, na wakakuta makundi mawili ya mmea huohuo: moja lina rotenoni, linaua wadudu; jingine halina kabisa, haliui chochote, ingawa udongo linarutubisha vilevile. Ukizichanganya mbegu, umechanganya dawa na majani matupu.

Kwa hiyo usianze na shamba. Anza na makopo mawili. Mimi natumia ya siagi ya kupaka mkate, yale meupe ya plastiki.

Chuma gramu 200 za majani mabichi ya kichaka unachokishuku, yatwange, yaloweke kwenye lita moja ya maji yenye sabuni ya mche iliyokwanguliwa, kama nusu kijiko cha chai bila kilima. Acha mpaka kesho yake, chuja. Tengeneza na maji mengine ya sabuni hiyohiyo bila utupa. Kata vipande viwili vya jani safi la kabichi, chovya kimoja kwenye dawa na kingine kwenye maji ya sabuni kwa kuhesabu hadi kumi, vianike kivulini kwenye kamba ya nguo mpaka vikauke kabisa. Weka kila kipande kwenye kopo lake juu ya karatasi ya chooni, tia viwavi kumi wadogo kila kopo, funika kwa kipande cha chandarua na mpira. Weka ndani ya nyumba pasipo na jua.

Angalia baada ya siku moja, mbili na tatu. Kama kwenye sabuni wanakula na kunenepa, na kwenye utupa saba au zaidi wamekufa au wamelegea na jani halijaguswa, hicho ni kichaka chako. Kifunge kitambaa chekundu na mbegu zake ndizo za kupanda. Kama makopo yote mawili yanafanana, mwachie jirani mbolea yake. Na kama wanakufa hata kwenye kopo la sabuni, umezidisha sabuni au umewabana wakati wa kuwakamata, rudia. Kichaka kimoja hadi kingine hutofautiana, kwa hiyo pima kimoja kimoja, usichanganye majani ya mpaka mzima. Mimi nilipima sita nikapata viwili.

Sasa dawa ya shamba. Kwa lita 10 za maji natumia kilo 2 za majani mabichi, au kilo 1 ya majani yaliyokaushwa kivulini na kutwangwa yakawa unga. Jua kali linaivunja rotenoni, hivyo usianike kwenye bati. Sabuni ya mche gramu 10 hivi, ikwanguliwe kwa kisu na kuyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu, iingie tangu mwanzo wa kuloweka. Wengi wanaitia mwishoni ili dawa ishike jani. Ni kweli inasaidia kushika, lakini rotenoni haipendi maji. Sabuni ndiyo inayoitoa ndani ya jani. Ukiloweka kwa maji matupu, sehemu kubwa ya nguvu unaitupa na makapi.

Twanga mpaka yaonekane kama kisamvu kilichopondwa vizuri. Loweka usiku na mchana, saa 24, kwenye ndoo iliyofunikwa na kuwekwa kivulini, koroga mara mbili tatu kwa mti ambao hautarudi jikoni. Chuja mara mbili: kwanza kwa chandarua kilichochakaa, ukikamua kwa mikono yenye glavu, kisha kwa kipande cha kanga kuukuu. Ukichuja mara moja tu, nozeli itaziba kila baada ya tuta mbili na utatukana mbele ya watoto. Tumia siku hiyohiyo. Iliyolala ndooni siku mbili mimi naimwaga kwenye shimo, si mtoni.

Hesabu ya kazi nayo uijue mapema. Robo ekari yenye mashina 2,500 au zaidi, kabichi ikiwa imetanuka, inakula mabomba manne ya lita 16, yaani lita 64. Hizo ni karibu kilo 13 za majani mabichi kila safari. Kwa vichaka viwili hutoboi. Ndiyo maana mbegu ni muhimu.

Mwarobaini

Mwarobaini haupendi baridi yetu. Uyole au Makambako huupati ukiwa na afya, lakini Dodoma na Morogoro upo kila kona, na makondakta wa mabasi wanapokea mizigo. Agiza mbegu, si majani. Majani yana nguvu ndogo na ukipata nafuu itakuwa ya kubahatisha.

Mbegu nzuri zimeondolewa nyama ya tunda, zimeanikwa kivulini, zimesafiri kwenye gunia lenye kupumua. Zikifika kwenye mfuko wa plastiki zimetoa jasho na zina ukungu mweusi, usizipokee: ukungu huo una sumu yake, na nguvu ya mbegu imeshuka. Zilizokaa zaidi ya msimu mmoja nazo ni makapi. Vunja maganda, chukua kokwa gramu 500 kwa lita 10 za maji, twanga bila kukamua mafuta yote, funga kwenye kitambaa na uloweke usiku kucha. Asubuhi minyaminya kitambaa ndani ya maji mpaka yawe meupe kama tui jepesi. Yasipokuwa meupe, mbegu zako ni za zamani.

Hapa sabuni inaingia mwishoni, dakika chache kabla ya kupulizia, kwa sababu dawa ya mwarobaini huharibika kwenye maji yenye magadi. Kwa sababu hiyohiyo usitie majivu. Najua majivu tunayatia kwenye kila kitu, ila kwenye mwarobaini na pareto unajiharibia.

Mwarobaini hauui papo hapo, na hili ndilo linalowakatisha watu tamaa. Kiwavi anapunguza kula, anashindwa kujivua ngozi, anakufa baada ya siku tatu nne akiwa mdogo vilevile. Ukienda kesho yake utawaona wapo na utasema umeibiwa. Usihesabu viwavi siku ya pili. Hesabu vidirisha vipya siku ya nne.

Pareto

Huku pareto ipo mlangoni: Mufindi, Makete, Mbeya Vijijini, na Mafinga kuna kiwanda kinachonunua maua makavu. Ni ajabu kwamba wanaolima pareto kwa ajili ya dawa za kuuzwa ng'ambo wananunua dawa ya kabichi mjini.

Nguvu iko kwenye ua, hasa kwenye vimbegu vya katikati, si kwenye majani wala mabua. Anika maua kivulini mpaka yavunjike ukiyasugua, saga siku ileile ya kutumia. Anza na gramu 20 za unga kwa lita 10. Ukiona kwenye kipimo cha makopo haifiki, panda hadi 50. Koroga, chuja, tia sabuni kidogo sana mwishoni na pulizia papo hapo.

Pareto inafurahisha kwa macho: ndani ya dakika chache viwavi wanajipinda na kuanguka. Usishangilie bado. Wengine wamezimia tu, na wakipata umande wa usiku wanaamka na kupanda tena. Hesabu ya kweli ni ya kesho asubuhi. Mwanga wa jua unaimaliza kwa siku moja mbili, jambo ambalo ni hasara kwa dawa na faida kwa mlaji, kwa hiyo mimi naitunza kwa wiki za mwisho kabichi ikikaribia kuvunwa.

Vingine mnavyoviuliza

Pilipili kichaa na vitunguu saumu vinawachukiza wadudu, haviwaui sana. Navitia kidogo kwenye utupa nikivipata, sivitegemei. Alizeti pori, ile ya maua ya njano inayojaa kando ya barabara, imewahi kujaribiwa pamoja na utupa na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha kwenye maharage, matokeo yalitoka mwaka 2015. Ilipunguza wadudu waharibifu huku ikiwaacha wengi wa faida. Kwenye kabichi mimi niliipima makopo matatu, nikaona viwavi wanapunguza kula bila kufa. Kwa asiye na kitu kingine inafaa.

Tumbaku iacheni. Nikotini inapenya ngozi ya mtu, na bomba likivuja mgongoni utatapika shambani kabla viwavi hawajajua kuna nini.

Jioni ya kupulizia

Anza saa kumi na moja jioni. Jua limelegea, nyuki wamerudi mzingani, na dawa inapata usiku mzima kabla ya mwanga kuigusa. Angalia mawingu ya upande wa Rungwe. Mvua ikija ndani ya saa chache, kazi imekwenda na maji. Upepo ukiwa mkali subiri kesho.

Jaribu kwanza mashina matano na uyaache siku mbili. Majani yakiungua kingo, punguza sabuni.

Kabichi ina nta. Mwaga maji matupu juu ya jani utaona yanakusanyika kama shanga na kuteleza. Dawa nzuri inatandaa. Ikiwa bado inateleza, ongeza sabuni kidogo, si dawa. Kisha mkono: geuza mpini wa bomba ili nozeli itazame juu, iingize chini ya kabichi karibu na ardhi, pulizia ukipandisha, zungusha nusu duara, malizia kwa mpigo mfupi kwenye moyo. Kila shina linapata sekunde tatu nne. Mgongo utauma. Anayepita akitembea wima huku akipunga mpini juu ya majani kama anayebariki, anaosha vumbi.

Vaa glavu, miwani, shati la mikono mirefu, funika pua na mdomo. Neno "asili" limewaponza wengi. Rotenoni ni sumu kweli. Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye viuatilifu vinavyoruhusiwa mwaka 2008. Usile, usivute sigara, usipulizie ukiwa na mtoto mgongoni, na watoto wasichezee makapi. Ndoo na kinu cha dawa viwe vya dawa tu, vipigwe rangi. Utupa na pareto vinaua samaki kwa kiasi kidogo sana; kama una bwawa au mnachota maji mtoni, oshea bomba shambani, mbali na maji, na makapi yafukie.

Ukitengeneza kwa shamba lako ni sawa. Ukitaka kuweka kwenye chupa na kuuza, hapo unaingia kwenye mambo ya usajili wa viuatilifu, yapo chini ya TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, usiuze kienyeji.

Siku zinazofuata

Kila ninapopulizia naacha mashina kumi kwenye kona bila dawa. Yananiuma, lakini bila hayo huwezi kujua kama viwavi wamepunguzwa na dawa au na baridi iliyorudi. Siku ya nne nahesabu 20 za shambani na kumi za kona. Tofauti ikiwa ndogo, najiuliza kwa mpangilio: je, nilifika chini ya jani? Viwavi walikuwa wakubwa? Majani yalitoka kichaka chenye kitambaa chekundu? Mara nyingi jibu linapatikana kwenye swali la kwanza.

Dawa hizi hazikai. Hesabu ikipanda tena, rudia baada ya siku saba, na mvua ikinyesha usiku wa kupulizia rudia mapema. Badilisha: utupa mara mbili kabichi ikiwa changa, mwarobaini ikianza kufunga, pareto mwishoni. Mdudu aliyezoea DDT hashindwi kuzoea utupa. Kabla ya kuvuna mimi nakaa siku saba baada ya utupa, tatu baada ya mwarobaini, mbili baada ya pareto, na nyumbani bado tunaosha.

Mengine ni ya jembe. Funika kitalu kwa chandarua tangu siku ya kupanda mbegu, maana wengi wanahamisha viwavi pamoja na miche. Ukivuna, ng'oa visiki na mapande ya majani, wape ng'ombe kama hayana dawa ya karibuni au yafukie. Shamba la zamani lililoachwa na visiki vinavyochipua ndilo linalolea nondo wa shamba jipya la pili yake. Kama unamwagilia kwa mpira, mwagilia kwa juu wakati wa jioni siku usizopulizia, maji yanawaangusha nondo na viwavi wadogo.

Na mbegu za utupa zenye kitambaa chekundu zivune maganda yakiwa ya kahawia kabla hayajapasuka yenyewe, kwa sababu yakipasuka yanarusha mbegu mbali. Ziloweke usiku mmoja, zipande mpakani mvua za Novemba au Desemba zikishika, mbili mbili kila shimo, hatua moja kati ya mashimo. Vichaka 30 vya namna hiyo ndivyo vilivyonifikisha mabomba manne kwa wiki bila kuomba kwa mtu. Mama mkwe alipokuja mwaka uliofuata alichana jani moja, akalinusa, akaniomba kikombe cha mbegu za kurudi nazo Lupingu.